Uwanja Nilioufagia

Niliujua uwanja wa Fenway Park kwa kuufagia. Wenzangu niliokuja nao Boston, walioshinda bahati nasibu ya viza kama mimi, walipata kazi kwenye mahoteli na nyumba za kulelea wazee. Mimi kampuni ya usafi ikanipeleka uwanja wa besiboli, mchezo ambao kule kwetu Muheza, Tanzania, sikuwahi kuuona hata kwenye televisheni. Kazi yetu ilianza watu wakitoka. Red Sox, timu ya Boston yenye uwanja huo, hucheza nyumbani mechi 81 kwa msimu, nyingi za usiku, na watu wapatao 37,000 wakiondoka huacha maganda ya karanga, vikombe vya bia, karatasi za soseji na vibanzi vilivyogandamana na jibini. Tulipita safu kwa safu na mifuko mikubwa, tukiokota kinachookoteka. Nyuma yetu walikuja wenye mashine za kupuliza, kisha wenye mipira ya maji. Kukicha uwanja unanuka sabuni, na treni ya kwanza kutoka Kenmore inampeleka kila mtu kwake. Mimi nilikuwa nashukia Dorchester, nilikopanga chumba pamoja na dada wawili wa Kikenya.

Aliyenifundisha kuusoma uwanja ule alikuwa mzee mmoja wa zamu yetu, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa mtaa wa Roxbury. Yeye alijua kila safu ina habari gani. Usiku wangu wa mwanzo alinipandisha hadi juu kabisa, kwenye viti vya nyuma upande wa kulia, vyote vya kijani, akanionyesha kimoja chekundu: sehemu ya 42, safu ya 37, kiti nambari 21. Tarehe 9 Juni 1946 Ted Williams, mchezaji wa Red Sox, aliupiga mpira kutoka chini kule, mita 153, ukamwangukia kichwani mtazamaji aliyekuwa amekaa pale na kumtoboa kofia yake ya mkeka. Mzee akaniambia nikae. Nilikaa, nikatazama chini mahali pa mpigaji, na nilishindwa kuamini kwamba mkono wa binadamu unaweza kufikisha kitu umbali ule.

Kwa aliyekulia Tanzania, besiboli ni rahisi kuielewa ukiitazama kama rede iliyopinduliwa. Katika rede wasichana wawili wanarushiana mpira, na wewe wa katikati unakwepa usiguswe. Huku mrushaji ni mmoja, yuko mita 18 mbele yako, mpira wake unaweza kupita kilomita 145 kwa saa, na wewe una gongo mkononi na unatakiwa uuguse. Ukiukosa mara tatu umetolewa. Wakitolewa watatu, upande wa pili unashika gongo. Duru ni tisa, na hakuna saa ya kuimaliza mechi. Mkilingana mnaongeza duru mpaka mmoja azidi, hata ikipita saa sita za usiku. Sisi wafagiaji hilo tulilijua vizuri, maana tulikuwa tukisubiri chini ya majukwaa na fagio zetu huku wenye uwanja wao wakiendelea kulingana.

Fenway ni uwanja wa zamani kuliko vyote vinavyotumiwa na ligi kuu za Marekani. Ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, siku tano baada ya meli ya Titanic kuzama, na siku hiyo Red Sox waliwashinda New York 7 kwa 6 katika duru ya 11. Umebanwa na mitaa, ndiyo maana upande wa kushoto hauna nafasi, na pale pamejengwa ukuta wa kijani wa mita 11 na ushei waitao Green Monster. Ndani ya ukuta huo wamo watu wanaobadilisha namba za matokeo kwa mkono, vibao vya chuma kimoja kimoja, na mwandiko wa wachezaji wa miaka mingi umejaa kwenye kuta za ndani.

Mzee alikuwa na mechi yake anayoipenda kuliko zote, na kila tulipofika kwenye mlingoti wa manjano wa upande wa kushoto alinisimulia upya. Ilikuwa mechi ya sita ya fainali ya 1975, Red Sox na Cincinnati Reds. Mvua ilikuwa imeichelewesha siku tatu. Cincinnati walikuwa wanahitaji ushindi mmoja tu wachukue ubingwa, na hadi duru ya nane walikuwa mbele 6 kwa 3. Bernie Carbo wa Red Sox akatolewa benchi, akapiga mpira ukavuka uzio, yeye na wenzake wawili wakarudi besi ya nyumbani, pointi tatu, ikawa 6 kwa 6. Duru ya 11 Dwight Evans alikimbia kinyumenyume upande wa kulia, akadaka mpira ambao kila mtu alishauhesabu kuwa umekwenda. Duru ya 12, saa sita na dakika 34 usiku, Carlton Fisk akaupiga juu juu kufuata mstari wa kushoto. Swali lilikuwa moja: utapita ndani au nje ya mlingoti? Fisk akawa anaruka kwenda pembeni huku akiupungia mpira mikono yote miwili uingie ndani. Ukagonga mlingoti, na kugonga mlingoti ni halali. Red Sox wakashinda. Picha ile ya mtu anayeupungia mpira ilionekana nchi nzima, na husimuliwa kwamba mpigapicha aliyekuwa ndani ya ukuta alibaki kumwelekea Fisk badala ya kuufuata mpira kwa sababu panya alikuwa miguuni pake. Panya wa Fenway nawafahamu, na ninaiamini hadithi hiyo.

Kesho yake Red Sox walifungwa 4 kwa 3, na ubingwa ukaenda Cincinnati. Mzee hakuwahi kuiacha sehemu hiyo. Wengine wakisimulia huishia kwenye mlingoti. Yeye alimalizia na kesho yake, kila mara, akasema kwamba usiku ule ulikuwa mzuri na kesho yake ilikuwa mbaya na zote mbili zilitokea.

Aliniambia pia kwamba Roxbury walikuwapo wazee weusi waliozeeka na kufa bila kukanyaga Fenway, na uwanja uko karibu nao kabisa. Tarehe 16 Aprili 1945 vijana watatu weusi, Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams, waliletwa hapa kufanyiwa majaribio. Walipiga, wakarusha, wakakimbia, wakaambiwa watajulishwa. Hawakujulishwa. Miaka miwili baadaye Robinson akawa mweusi wa kwanza wa ligi kuu kwa zama zile, akiwa na Brooklyn. Red Sox walikuwa timu ya mwisho kabisa kumwingiza mchezaji mweusi, Pumpsie Green, mwaka 1959. Kwa hiyo Mzee alipofikia kilima cha mrushaji hakuanza na majina makubwa ya mabango. Alianza na Earl Wilson. Tarehe 26 Juni 1962, Wilson aliwanyima wapigaji wa Los Angeles Angels hata pigo moja safi kwa mechi nzima, mrushaji mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika American League, moja ya ligi kuu mbili, na katika mechi hiyohiyo yeye mwenyewe akapiga mpira uliovuka uzio. Ikaisha 2 kwa 0. Mzee alikuwa kijana wa shule, akisikiliza redioni jikoni kwa mama yake. Alinionyesha mahali Wilson aliposimama, na akaukumbuka mchezo duru kwa duru.

Vuli ya 2007 Red Sox waliingia tena fainali, na mechi mbili za mwanzo dhidi ya Colorado zilichezwa Fenway. Nilizifagia zote mbili nikiwa naumwa bila kujua kwamba naumwa. Ngozi ilikuwa inawasha usiku na mchana pasipo upele. Nilikuwa naamka shuka limelowa jasho hadi godoro, Oktoba, kwenye baridi. Pembeni mwa shingo palikuwa na uvimbe usiouma, kama mtoki uliokosea mahali. Mmoja wa wale dada wa Kikenya, aliyekuwa akisomea unesi, aliupapasa, akanyamaza, kisha akasema, "Dada, kesho huendi kazini. Kesho unakwenda hospitali, na mimi nakuja nawe."

Walikata kinyama, wakapima, wakanipitisha kwenye mashine. Jibu likaja majira ya baridi: limfoma ya Hodgkin, saratani inayoanzia kwenye tezi za limfu na kupenda watu wa umri wangu wa wakati ule. Daktari alisema tena na tena kwamba inatibika. Nilimsikia, na sikumsikia. Kilichonijia kichwani kilikuwa mama yangu na simu nitakayompigia. Nilishukuru jambo moja, kwamba jimbo la Massachusetts lilikuwa limepitisha sheria ya bima ya afya mwaka 2006, na mtu wa kipato changu akaweza kuingizwa. Bila sheria ile simulizi hii ingekuwa fupi, na pengine isingekuwa na wa kuisimulia. Waajiri wangu hawakuniwekea nafasi. Walisema nikipona nirudi kuomba upya.

Kule kwetu, ugonjwa huu haukutajwa. Mtu "anaumwaumwa", kisha unasikia msiba. Nilipompigia mama nikamweleza, alinyamaza kidogo, akauliza ninakula nini. Tangu siku ile mpaka nilipomaliza matibabu hakulitamka jina la ugonjwa. Aliuliza, "Na ile homa yako?" Nikajibu, "Mama, naendelea nayo." Iliniuma. Nilikuwa peke yangu nchi ya watu, na nilitaka mtu mmoja wa damu yangu alitamke.

Hapo ndipo uwanja niliokuwa naufagia ulipoanza kunisemesha. Juu ya paa la upande wa kulia, kwa miongo mingi, palikuwa na tangazo moja tu lililoruhusiwa Fenway nzima: Jimmy Fund. Nilikuwa nikilipita usiku nadhani ni jina la duka. Mzee aliponiletea supu Dorchester, alinieleza. Katika miaka ya 1940 Boston palikuwa na daktari aitwaye Sidney Farber, mpima maiti na magonjwa ya watoto. Wakati huo mtoto mwenye leukemia alikuwa hana dawa kabisa. Alikaa wiki kadhaa, akafa. Farber akajaribu dawa iitwayo aminopterin, na mwaka 1948 akatangaza kwamba imewapa baadhi ya watoto nafuu, ya muda, lakini nafuu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Alihitaji fedha. Mwezi Mei mwaka huo kipindi cha redio cha taifa kikazungumza na mvulana wa miaka 12 akiwa kitandani hospitalini, wakampa jina la Jimmy kumlinda. Alikuwa mpenzi wa timu nyingine ya Boston, Braves. Wachezaji wakaingia chumbani mmoja mmoja, na wasikilizaji nchi nzima wakasikia mtoto anavyoshangaa. Waliombwa dola 20,000; zikaja zaidi ya 200,000, na hapo ndipo mfuko wa Jimmy Fund ulipopata jina lake. Braves walipohamia Milwaukee mwaka 1953, Red Sox wakaupokea mfuko ule, wanao hadi leo. Ted Williams alikuwa akienda kuwatazama watoto wodini usiku, kwa sharti kwamba mwandishi wa habari asijue.

Na Jimmy? Kwa miaka hamsini watu walidhani alikufa, maana ndivyo walivyokuwa wakiishia wote. Mwaka 1998 akajitokeza: Einar Gustafson, dereva wa malori wa Maine, baba na babu. Ugonjwa wake ulikuwa limfoma ya utumbo. Mzee aliponiambia hivyo nilimwomba arudie. Mtoto mwenye ugonjwa wa ukoo mmoja na wangu, aliyetibiwa wakati dawa hazijajulikana, alikuwa ameendesha malori na kulea watoto.

Hapa nisimame kidogo. Aliyeupokea mfuko ule mwaka 1953 alikuwa Tom Yawkey, mmiliki wa Red Sox tangu 1933. Ndiye huyohuyo ambaye chini yake Robinson aliondolewa uwanjani na mlango ukafungwa hadi 1959. Herufi za jina lake na la mkewe zimeandikwa kwa nukta na vistari vya Morse kwenye ubao wa matokeo, nami nimezifuta vumbi. Mwaka 2018 mji ukaliondoa jina lake kwenye barabara ya mbele ya uwanja, na ninaona walifanya sawa. Lakini dawa iliyoingia kwenye mshipa wangu ilitokana na kazi iliyofanywa kwa fedha kama zile. Mtu mweusi wa Muheza anaweza kumshukuru vipi mtu kama yule? Nilimuuliza Mzee. Akasema yeye hamshukuru. Anawashukuru watoto waliotupa senti zao kwenye makopo ya mchango. Nimeona jibu lake linanitosha.

Matibabu yalikuwa kila baada ya wiki mbili, kwa miezi. Dawa nne, moja baada ya nyingine, kwa dripu. Moja ni nyekundu kama sharubati, na ukienda haja ndogo unaona wekundu uleule. Siku ya kwanza unajiona mzima, ya pili unaanguka, ya tatu hata harufu ya chai inakufukuza. Nywele zilitoka kwenye mto asubuhi. Dada wa Kikenya akanyoa zilizobaki, akanifunga kitenge. Kutoka hospitali hadi Fenway si mwendo wa nusu saa kwa miguu, na siku za mechi za mchana niliona watu na kofia zao nyekundu na bluu wakiteremka kuelekea uwanjani huku mimi napanda kuelekea dripu.

Msimu ule wa 2008 mrushaji mmoja wa Red Sox alikuwa Jon Lester, wa mkono wa kushoto, umri miaka 24. Agosti 2006, akiwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, maumivu ya mgongo yalimpeleka hospitali, wakakuta tezi zimevimba. Limfoma, ya aina nyingine na yangu, kali. Alitibiwa Seattle, karibu na kwao. Julai 2007 alirudi kurusha, na Oktoba hiyohiyo, huko Denver, ndiye aliyeanza mechi iliyowapa Red Sox ubingwa. Nilikuwa nimefagia karatasi zenye jina lake zilizotupwa chini bila kujua amepitia nini. Sasa nilijua, na kila zamu yake ya kurusha nilifungua redio.

Jumatatu ya tarehe 19 Mei 2008 sikufungua. Ilikuwa siku ya pili baada ya dawa, nimelala na ndoo kando ya kitanda. Mechi ilikuwa dhidi ya Kansas City Royals. Usiku simu ikalia.

"Binti, uko macho?" Alikuwa Mzee.

"Niko macho, Mzee."

"Washa redio." Akakata. Hakusema kwa nini.

Niliwasha. Ilikuwa duru ya tisa, Red Sox 7, Royals 0, na Royals walikuwa hawajapata pigo hata moja. Katika besiboli ipo miiko, na mkubwa kati yake ni huu: mrushaji akiwa njiani kumaliza mechi bila kupigwa, wenzake hawalitaji jambo hilo. Benchi hukaa mbali naye, hawamsemeshi. Anakaa peke yake kati ya duru na duru, kila mtu anajua na hakuna anayetamka, wasije wakalivunja. Ndiyo maana Mzee alikata simu.

Nilisikiliza nikiwa nimekaa kitako, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Walisema duru ya nne Jacoby Ellsbury alijitupa chini katikati ya uwanja akadaka mpira uliokuwa unakwenda kuharibu kila kitu. Walisema Lester amesharusha mipira zaidi ya 120, na kocha mkuu, Terry Francona, hajamtoa. Nilijua mwili uliopitishwa dawa zile ulivyo, nikawa natetemeka kwa ajili ya bega lake. Mpigaji wa mwisho alikuwa Alberto Callaspo. Mpira wa 130. Akalizungusha gongo, akaukosa. Mdakaji Jason Varitek akamkimbilia na kumbeba. Francona, aliyekuwa naye tangu siku ile mbaya ya 2006, alimkumbatia, hakumwachia upesi. Tangu 1956 hakuna mrushaji wa mkono wa kushoto wa Red Sox aliyekuwa amefanya hivyo.

Nikalia hadi dada wakaja mlangoni. Simu ikalia tena. Mzee alikuwa chini ya majukwaa na wenzetu, akaiinua simu juu ili nisikie, na nilisikia: watu 37,000 hawataki kwenda nyumbani, hata kazi ya kufagia ikasubiri.

Mama nilimpigia asubuhi yake. Nilimweleza habari ya kijana Lester, na ule mwiko wa kutotaja. Mama akasema, "Sasa umenielewa, mwanangu." Hakuongeza neno. Miezi yote ile nilidhani ananyamaza kwa aibu au kwa hofu ya majirani. Alikuwa amekaa nami kwenye benchi, amejitenga kidogo, ameshika pumzi nisivunjike. Tangu hapo akiuliza habari ya ile homa nilijibu kwa moyo mweupe.

Sikupona usiku ule. Dawa ziliendelea hadi majira ya joto yakakaribia mwisho, na nyakati nyingine damu ilishuka mno wakaahirisha. Kiti cha jirani yangu cha dripu alikaa kijana seremala, mwenye leukemia. Tulikuwa tukipishana kuelezana mechi: aliyelala jana anasimuliwa na aliyekuwa macho. Yeye ndiye aliyeniambia habari za Tony Conigliaro wa Red Sox, kipenzi cha baba yake. Mtoto wa hukuhuku Revere, akiwa na miaka 20 aliongoza American League kwa mipira iliyovuka uzio. Tarehe 18 Agosti 1967, hapo Fenway, mpira wa mrushaji Jack Hamilton ulimpiga shavu la kushoto chini ya jicho. Alirudi 1969, na 1970 akapiga 36 kuvuka uzio akiwa na jicho bovu. Kisha macho yakamkatalia. Alijaribu tena 1975, ikashindikana. Mwaka 1982 moyo ulisimama ghafla, akaachwa na ulemavu, akafa 1990 akiwa na miaka 45. Seremala alisimulia bila kujihurumia. Alisema wapo wanaorudi kwa kiasi fulani, na kiasi hicho nacho kihesabiwe. Kabla ya majani kupukutika kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine.

Katika ibada yetu ya Kiswahili mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda. Nilisimama, nikamshukuru Mungu kwa sauti, kama ninavyomshukuru hapa. Kisha nikataja dawa zote nne kwa majina, nikataja sheria ya bima, nikamtaja seremala. Baadaye mama mmoja alinishika pembeni, akaona sikupaswa kuweka habari ya aliyekufa katika ushuhuda wa uponyaji. Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye na sikubaliani naye leo. Seremala aliomba kama nilivyoomba mimi. Nikimwacha nje, anayenisikiliza akiwa na mgonjwa wake nyumbani atadhani mgonjwa wake anakufa kwa kuomba vibaya.

Vipimo vya mwisho vilikuwa safi, na vya miaka iliyofuata. Kazi ya kufagia sikurudi. Nilisomea uuguzi msaidizi, na Mzee akastaafu. Tulikwenda pamoja kutazama mechi kama watu waliolipa tiketi, viti vya nyuma, karibu na kile chekundu. Tarehe 20 Aprili 2013, siku tano baada ya mabomu ya mbio za Marathon za Boston, tulikuwa mbele ya televisheni yake Roxbury David Ortiz, mchezaji wa Red Sox, mweusi wa Jamhuri ya Dominika, aliposhika kipaza sauti katikati ya Fenway na kusema huu ni mji wetu. Mzee alisimama sebuleni kwake. Alinikumbusha vijana wale watatu wa 1945.

Siku hizi napigiwa simu kukiwa na mgonjwa asiyejua Kiingereza na anayehitaji mtu wa kukaa naye. Wengi ni Wakongo, maana wamejaa Maine na New Hampshire, na wagonjwa wao wazito huletwa Boston. Juzi alikuwa mama wa Kivu na mwanawe wa miaka 15, limfoma, wanasubiri dawa ya kwanza. Mtoto hakutaka kuongea. Nikamweleza mama yake habari ya Lester. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja.

"Dada, ule mutu angali muzima?"

"Yu mzima, mama." Nikamweleza kwamba Lester alichukua ubingwa tena na Boston mwaka 2013, kisha 2016 na Chicago Cubs, waliokuwa hawajauona tangu 1908. Alirusha hadi 2021, na Septemba ya mwaka huo akafikisha ushindi wake wa 200, ndipo akastaafu.

Mama akamgeukia mwanawe akamrudia yote kwa Kiswahili cha kwao, ile 200 akaitaja mara mbili. Mtoto akainua uso. Akauliza: ushindi 200 wa mchezo gani, na unachezwaje? Nikachukua karatasi ya miadi, nikamchorea ukuta wa kushoto, kilima cha mrushaji, besi tatu na ya nyumbani. Nilikuwa bado kwenye habari ya kukosa mara tatu nesi alipoita jina lake, akaondoka na ile karatasi, akaniambia nisiende popote.